Bunduki anazo kihalali na hajamgusa mtu, polisi wana haki gani ya kuzichukua?

Mkazi_wa_Baridi

Wakuu salaam, poleni na majukumu. Naomba huu uzi tuache utani kidogo maana jambo lenyewe liko ndani ya ukoo wangu na usingizi sina.

Nipo Minnesota, maeneo ya Minneapolis. Hapahapa jirani yupo kaka yangu, mtoto wa baba mdogo, tumelelewa nyumba moja Mbeya. Ana grinikadi, alikuwa anaendesha trela, bunduki anamiliki kihalali kabisa, bastola mbili na ile ndefu ya kuwindia swala wa huku, kibali anacho, wikiendi anaenda kulenga shabaha na wazungu wenzake wa kazini, hajawahi kukamatwa hata kwa spidi. Sasa tangu sukari impande wakamsimamisha kuendesha na ndoa nayo ikaanza kuyumba jamaa amebadilika wakuu. Usiku hapati usingizi, anakunywa, shemeji ameondoka na watoto amekaa kwa rafiki yake, basi usiku anampigia anamwambia "mtanikumbuka", mara "nikiondoka siondoki peke yangu". Asubuhi ukimuuliza anacheka anasema alikuwa anatania, kwani siku hizi hakuna utani?

Dada mmoja wa kanisani kamwambia shemeji kwamba huku kuna sheria mpya, unaenda mahakamani unaeleza, jaji anatoa amri polisi wanakuja kubeba bunduki zote hata kama mwenyewe hajafanya kosa lolote. Shemeji anataka aende. Ba'mdogo kule Mbeya kasikia kawaka, anasema damu ya mtu haipelekwi polisi, na atakayempeleka asimwite baba tena. Mimi nipo katikati.

Maswali yangu. Kwanza hiyo ni haki kweli, kumnyang'anya mtu mali aliyoinunua kwa leseni kwa sababu ya maneno ya usiku? Pili, na hili ndilo linanikosesha amani zaidi, hao polisi wakija inakuwaje? Mtu mweusi, mwenye bunduki, amelewa, anagongewa mlango. Hapa hapa Minnesota tunajua yaliyotokea.

---

Fundi_Texas

Pole sana mkuu. Mi nipo Houston na bunduki ninazo, kwa hiyo nakujibu kama mmiliki sio kama mwanaharakati.

Hizo zinaitwa sheria za bendera nyekundu, na mimi nazipinga. Sio kwamba nataka watu wafe. Angalia zinavyofanya kazi. Mtu anaenda kwa jaji, anaongea peke yake, wewe haupo, haujaitwa, hujui hata kama kuna kesi, jaji anasaini, wewe unashtukia polisi mlangoni. Halafu ndio unaambiwa utakuja kujieleza baadae. Kwenye jambo gani lingine la katiba wanafanya hivyo? Kumiliki silaha huku ni haki iko kwenye Marekebisho ya Pili, sio hisani ya mkuu wa wilaya. Mwizi wa kuku anapewa wakili wa bure, wewe ambaye hujaiba hata kuku unaambiwa hili ni shauri la madai jitafutie wakili mwenyewe. Colorado angalau wanakupa wakili, kwingi hakuna.

Na usidhani ni nadharia. Maryland sheria yao ilianza Oktoba 2018. Mwezi uliofuata tu, tarehe 5 Novemba, polisi wa Anne Arundel walienda nyumbani kwa mzee mmoja anaitwa Gary Willis, miaka 61, saa kumi na moja alfajiri, kumpelekea hiyo amri. Mzee kafungua mlango na bastola mkononi, maana nani anagonga saa hizo? Akaiweka chini, wakaanza kubishana, akaishika tena, ikafyatuka wakati wanagombania, wakampiga risasi akafa palepale mlangoni kwake. Hakuwa ameshtakiwa kwa kosa lolote lile. Amri ya kuokoa maisha ndio imemuua.

Kingine, talaka. Mkuu umesema mwenyewe ndoa inayumba. Mwanamke akitaka nyumba na watoto, hiyo amri ni karata nzuri sana. Simsemi shemeji yako, nasema watu walivyo. Sisi Texas 2025 tumepitisha sheria ya kuzikataa kabisa hizi amri, na Oklahoma walitutangulia 2020.

Ushauri wangu, nendeni wanaume wawili watatu mkae nae mezani, mzichukue bunduki kwa kuongea. Mambo ya mahakama acheni.

---

mchokonozi

Angenunua ng'ombe hizo hela zote saa hizi shida yenu ingekuwa maziwa

---

nesi_zamu_ya_usiku

Mchokonozi kaa pembeni kidogo baba.

Mkazi wa Baridi, mimi ni nesi huku huku kwenu, wadi ninayofanya tunapokea watu wa namna hii na wengine hatuwapokei kwa sababu hawafiki. Nisikilize dada yako. Mtu anayekunywa, kapoteza kazi, mke kaondoka, hapati usingizi, na anasema mtanikumbuka, huyo kwanza kabisa usimfikirie kama muuaji, mfikirie kama mgonjwa anayetaka kujiua. Vifo vya bunduki Marekani zaidi ya nusu ni watu wanaojiua wenyewe, sio ujambazi wala hayo ya shuleni yanayoonyeshwa kwenye tivii. Na wengi uamuzi unakuja ghafla. Akikosa bunduki usiku ule ule, asubuhi anaweza kuwa mtu mwingine. Mtu wa vidonge tunamuosha tumbo anaamka anaomba uji. Wa bunduki hatuna la kumfanyia.

Connecticut ndio walianza hii sheria 1999, baada ya mfanyakazi wa ofisi ya bahati nasibu kuua mabosi wake mwaka kabla yake. Watafiti wakafuatilia miaka mingi wakakuta kwamba kila watu kumi mpaka ishirini walionyang'anywa bunduki, mmoja aliokolewa asijiue. Fundi wa Texas unaweza kusema basi tisa walionewa. Sawa, ila hao tisa bunduki zao zinaweza kurudishwa. Yule mmoja mngemrudishia nini?

Sasa ya Minnesota, maana nimeshawasaidia ndugu wawili watatu kwenye hili. Sheria imeanza tarehe 1 Januari 2024, amri yenyewe wanaiita ERPO. Wanaoweza kuomba ni polisi, mwanasheria wa mji au wa kaunti, na familia. Lakini familia kwa sheria yao sio familia yetu sisi! Ni mke au mume hata mliyeachana, wazazi, watoto, mpenzi, au mtu anayeishi nae nyumba moja kwa sasa. Wewe kaka mtu unayeishi kwako haumo kabisa. Ba'mdogo aliyeko Mbeya kwa kuwa ni baba mzazi yumo, na yeye ndiye hataki, haya ndiyo maajabu yenyewe. Kwa hiyo ni shemeji, au uende polisi na wenyewe ndio waombe.

Kuna ya aina mbili. Ya dharura jaji anaitoa kwa kumsikiliza muombaji peke yake kama hatari ni ya sasa hivi, inakaa siku 14. Ya muda mrefu kaka yako anaitwa, anajieleza, ushahidi lazima uwe mzito na wa wazi, na ikitoka ni kati ya miezi sita na mwaka. Na mtu akienda kudanganya au kumkomoa mwenzake, hilo ni kosa la jinai, atashtakiwa yeye. Kwa hiyo ile karata ya talaka ipo lakini ina moto wake.

Halafu usingoje karatasi kama usiku wa leo akisema ile ya "siondoki peke yangu". Piga 911. Kama ni huzuni bila bunduki kushikwa piga 988, inapokea saa zote, ukiomba mkalimani unapata.

---

Wa_Nakuru

Wasee niingilie kidogo from upande wa Kenya. Huku kwetu hii debate hamuwezi kuwa nayo juu bunduki si haki, ni serikali imekuamini tu na inaweza acha kukuamini kesho. Firearms Act, ile Sura ya 114, inasema wazi licensing officer akiona wewe ni mlevi wa kupindukia ama akili haiko sawa ama tu hufai kuaminiwa na silaha, ana-revoke cheti. Hakuna jaji wa kusign kwanza. Wewe ndio utaenda kukata rufaa baadaye kama uko na nguvu.

Na Desemba 2018 Matiang'i akiwa CS, yani waziri wa usalama wa ndani, aliamka akasema wenye bunduki wote nchi nzima warudi wapigwe msasa upya, siku 90, mkubwa kwa mdogo. Wengine wakakimbia kortini, wengine wakapanga laini. Uzuri yake ilionekana kulikuwa na watu wako na makaratasi feki. Ubaya yake ni hiyo nguvu yote iko mkononi ya serikali, na ukikosana na serikali bunduki yako ndio kitu ya kwanza inaulizwa. Kumbuka 2017 Oktoba polisi vile walivunja kwa yule mfanyabiashara Jimi Wanjigi pale Muthaiga kutafuta silaha, si hiyo kesi imezunguka korti miaka.

So mimi nikiangalia hiyo ya Minnesota naona ni afadhali. Kuna jaji, kuna siku 14, kuna siku yako ya kuongea. Huku hata hiyo hatuna manze. Huyo buda wa Texas analia na chakula kwa mdomo.

---

Fundi_Texas

@Wa_Nakuru hahaha nimekusoma. Lakini unanipa hoja yangu mwenyewe. Umeona serikali ikipewa huo mlango inavyoupanua? Ndio maana huku watu wanaukaba ukiwa bado mdogo.

Na majaji wenyewe wameshasema polisi wana mipaka. Kuna kesi ya Caniglia, Rhode Island. Mzee amegombana na mkewe 2015, kaleta bastola mezani kamwambia si unipige tu yaishe. Mke kaenda kulala hotelini, kesho yake kapiga simu kwa polisi wamuangalie mumewe. Polisi wakaja, mzee mtulivu kabisa anaongea nao nje, wakamshawishi aende hospitali akapimwe akili, akakubali kwa sharti wasiguse bunduki zake, alivyopanda tu ambulansi wakaingia ndani wakazibeba. Hospitali ikamruhusu siku hiyo hiyo. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, Mei 2021, majaji wote tisa kwa sifuri wakasema polisi hawawezi kuingia nyumba ya mtu bila hati kwa kisingizio kwamba wanatunza jamii. Tisa kwa sifuri! Hawa majaji hawakubaliani hata juu ya hali ya hewa.

---

mkalimani_wa_korti

Nimesoma toka juu. Kazi yangu ni kutafsiri mahakamani, Kiswahili na Kirundi, jimbo silitaji, na hizi amri nimekaa nazo chumba kimoja, kwa hiyo naomba nichangie kwa urefu mnisamehe.

Fundi, kesi ya Caniglia umeieleza sawasawa ila ukaikata mahali panapokufaa. Walichokataa majaji ni polisi kuingia BILA jaji. Jaji Alito kwenye maoni yake ya pembeni akasema kabisa kwamba sheria za bendera nyekundu ni suala jingine ambalo kesi ile haikuligusa. Yani ile kesi haisemi usichukue bunduki, inasema usichukue kwa kujiamulia. Ukiangalia vizuri inampeleka mtu kwenye hiyo ERPO, kwa sababu hapo karatasi ya jaji ipo.

Halafu Juni 2024 ikaja ya Rahimi, jamaa wa huko huko kwenu Texas, alimpiga mwanamke wake, akawekewa amri ya kumlinda mwanamke, akakutwa na bunduki, akasema Marekebisho ya Pili yananilinda. Wanane kwa mmoja wakamwambia hapana, mtu ambaye mahakama imemkuta ni tishio la wazi kwa usalama wa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Jaji Thomas peke yake ndio alikataa. Ni kweli ile ilikuwa ni amri iliyotoka baada ya yeye kupewa nafasi ya kusikilizwa, kwa hiyo zile siku 14 za upande mmoja bado watu watabishana nazo mahakamani, hapo Fundi una hoja na sikunyang'anyi.

Lakini mimi nikuambie ninachokiona. Tatizo kubwa la hizi sheria sio kwamba zinatumika sana. Hazitumiki. Indianapolis, Januari 2004, polisi walichukua silaha za jamaa mmoja aliyekuwa anaumwa akili, wakagundua hakuna sheria inayowaruhusu kukaa nazo, Machi wakamrudishia, Agosti akampiga risasi mama yake mzazi na akamuua askari Jake Laird. Indiana wakatunga sheria mwaka uliofuata ikaitwa jina la yule askari. Haya. Mji ule ule, Machi 2020, mama mmoja akaenda polisi akasema mwanangu nahofia, wakaichukua shotgani yake. Mwendesha mashtaka akaona haina haja kupeleka ombi kwa jaji, ile shotgani hata hawakuirudisha, lakini kwa kuwa amri haikutoka jina halikuingia kwenye mfumo wa kukagua wanunuzi wa bunduki, dogo akaenda dukani kihalali akanunua mbili mpya mwaka huo huo. Aprili 2021 akaua watu 8 kwenye jengo la FedEx. Sheria ipo, mama ameshasema, na hakuna aliyeandika karatasi moja.

Maine nao Oktoba 2023, mji wa Lewiston, mwanajeshi wa akiba akaua watu 18. Familia yake ilisema tangu Mei, wenzake wa jeshi la akiba wakasema, sherifu akatuma askari Septemba akagonga mlango, mwenye nyumba hakufungua, askari akaondoka. Sheria yao wakati ule ilikuwa polisi wamshike kwanza, daktari ampime, ndio waende kwa jaji, mlolongo mrefu kila mtu anamsubiri mwenzake. Tume iliyochunguza ikasema polisi walikuwa na sababu za kutosha za kumshika. Novemba 2025 wananchi wa Maine wakapiga kura wakaleta ya familia kwenda moja kwa moja kwa jaji.

Kwa hiyo hoja ya "hajafanya kosa" mimi hainitoshi. Bila shaka hajafanya. Akishafanya kuna mahakama nyingine.

---

Baba_Doreen

Nchi za watu zina mambo. Bongo hapa ukitaka hata bastola unaanzia serikali ya mtaa, mjumbe anakujua mpaka deni lako la dukani, uende kata, OCD, kamati ya usalama ya wilaya, na uwe na miaka 25 kamili. Kuchuja kunafanyika mwanzoni. Wao majimbo mengi dukani unatoka nayo siku hiyo hiyo halafu ndio wanaanza kutafuta namna ya kukupokonya.

Ila ukishaipata nani anakufuatilia tena? 2016 walituita kuhakiki silaha nchi nzima, nikakaa foleni na mzee mmoja mikono inatetemeka hata kalamu hashiki. Kahakikiwa, karudi nayo nyumbani.

---

Mkazi_wa_Baridi

Asanteni sana wakuu, nesi dada yangu Mungu akubariki, nimesoma mara nyingi.

Ya haki nimeanza kuelewa. Lakini lile swali la pili hamjanijibu vizuri. Nyie mnaongea majaji, mimi naongea mlango. Philando Castile alikuwa na kibali kama kaka yangu, Julai 2016 pale Falcon Heights, kasimamishwa barabarani, kamwambia askari kwa adabu kabisa kwamba nina silaha, akapigwa risasi mbele ya mwanamke wake na mtoto mdogo kiti cha nyuma, na yule askari baraza la mahakama likamuachia. Amir Locke Februari 2022 alikuwa amelala kwenye kochi, kajifunika blanketi, polisi wameingia na hati isiyohitaji kugonga, wala hati haikuwa na jina lake, bunduki yake halali, sekunde chache tu kafa, miaka 22. Hao wote walikuwa na bunduki KIHALALI. Sasa mnaniambia nimpeleke huyo askari mlangoni kwa kaka yangu usiku akiwa amelewa? Ba'mdogo akiniuliza nitamjibu nini?

---

nesi_zamu_ya_usiku

Swali lako ni la kweli na sitakudanganya kwamba hatari haipo.

Ninachojua, mlango unaweza kupangwa. Shemeji akijaza fomu au akiongea na polisi aseme kila kitu, saa ngapi huwa hajalewa, bunduki ziko wapi ndani ya nyumba, kwenye sefu au chini ya godoro, kwamba anaumwa sukari, kwamba ana kaka yake anayemuamini ambaye anaweza kuwa kwenye simu au nje pale. Aombe wampigie simu kwanza atoke nje mikono mitupu badala ya kumgongea. Watakubali? Sio lazima, ila wengi wanapenda hivyo maana na wao wanaogopa kufa.

Na ukipiga 911 kuna sheria hapa tangu 2021, inaitwa ya Travis, kijana aliyekuwa kwenye msongo wa akili akauliwa na polisi wa Minneapolis 2018, inataka timu ya watu wa afya ya akili itumwe pale inapofaa. Bunduki ikiwepo polisi watakuja tu pamoja nao, lakini uitaje hiyo timu kwa sauti, sema "crisis team", usisubiri wakuulize.

Fundi alisema nendeni wanaume wawili mkae nae. Sipingi kabisa. Ndio njia ya kwanza akiwa mzima mchana. Akikubali mwenyewe mzipeleke kwa polisi au kwenye duka la bunduki lenye leseni ya shirikisho, mengine yanapokea kuhifadhi, wala hakuna amri wala jina kwenye mfumo. Ila msizibebe kienyeji mkagawana huku na huku, tangu Agosti 2023 bastola huku kuhama mkono kuna masharti yake.

---

Fundi_Texas

Hapo kwenye Castile na Locke mkuu umenigusa. Watu wa chama cha bunduki wanaopiga kelele kila siku walinyamaza muda mrefu kwa Castile, hilo na mimi liliniuma.

Niseme hivi. Msimamo wangu juu ya sheria haujabadilika, kesi ya upande mmoja bila wakili mimi siipendi na sitaipenda. Lakini huyo ni ndugu yako na mimi nina ndugu. Kuna kitu kimoja wengi hatukifikirii sisi wa grinikadi. Hiyo ERPO ni ya madai, haimfanyi mtu kuwa mhalifu. Ila akiikiuka, au akifyatua hata ukutani akiwa amelewa, hapo ni jinai, na kosa la bunduki kwa mtu ambaye sio raia linaweza kumrudisha nyumbani moja kwa moja, talaka na watoto abaki kuwaona kwenye simu. Mwambie ba'mdogo hivyo. Kwamba aidha ziondoke bunduki au siku moja aondoke mtoto wake, na wakili wa uhamiaji mumuone kabla ya tarehe ya kesi sio baada.

---

Wa_Nakuru

Sasa buda wa Texas ameongea 👏

---

Mkazi_wa_Baridi

Mrejesho wakuu. Nimeenda mchana na mchungaji wetu, tumemkuta amenyoa na amepika, tukala. Hatukuanza na bunduki, tumeanza na sukari. Mwishowe ile ndefu kakubali, tumeenda nae mwenyewe mpaka dukani wameipokea na karatasi wametoa. Bastola moja kakubali itaenda wiki ijayo. Ya pili kakataa kabisa, anasema usiku anaisikia nyumba, hawezi kulala bila kitu chochote mkononi. Mchungaji kamuuliza unasikia nini, akanyamaza.

Shemeji kasema hawezi kungoja hiyo wiki ijayo, Jumatatu anaenda mahakama ya kaunti na mimi nampeleka. Ba'mdogo sijamwambia. Meseji zote za usiku shemeji kazitunza, nyingi ni sauti za WhatsApp, Kinyakyusa na Kiswahili vimechanganyika. Jaji atazielewaje? Na huo mwaka ukiisha anarudishiwa?

---

mkalimani_wa_korti

Anarudishiwa akiomba, wakishahakikisha hakuna kitu kingine kinachomzuia, isipokuwa mahakama iongeze muda na hiyo nayo ni kwa kusikilizwa upya.

Mkalimani mahakamani ni bure, shemeji aombe siku ile ile anapopeleka fomu, asingoje siku ya kusikilizwa. Aandike kwenye fomu Kiswahili, na Kinyakyusa akitaje mbali kwa sababu wakalimani wake ni wachache sana na kumpata kwa simu kunachukua muda. Zile sauti asizifute hata moja, wala asizikate kubakiza maneno makali tu, azipeleke nzima na tarehe na saa zionekane, kisha aziandike kwenye karatasi kwa maneno yale yale aliyosema, halafu chini yake Kiingereza. "Mtanikumbuka" asiandike kwamba kasema atajiua. Aandike alichosema, na aeleze kwetu mtu akisema hivyo usiku wa manane anamaanisha nini, jaji atauliza.

Na ile ya kusikia nyumba usiku, mliyoisikia wewe na mchungaji kwa masikio yenu, hiyo muiandike leo leo mkiwa bado mnaikumbuka vizuri. Wewe huwezi kuomba amri lakini shahidi unaweza kuwa.